Ushauri: nijifunzeje kupatanisha wafanyakazi bila kuonekana nina upande?

MamaKatuba
Wapendwa, habari zenu. Niko kwenye depo ya saruji na unga hapa Lubumbashi, nasimamia mapokezi ya mizigo. Lori likifika mifuko imepungua, shofere anasema alipakiwa hivyo kule mpakani Kasumbalesa, mtunza ghala anasema hesabu yake ni safi, na mwishowe mmoja wao anakatwa mshahara. Juzi wawili walishikana mashati mbele ya wateja. Mkubwa anataka niwe mpatanishi wao. Nataka kuijua kazi hii sawasawa, si kubahatisha. Nianzie wapi?

Delege_Ruashi
Dada, pole kwa mzigo. Sikiliza kila mmoja peke yake kabla ya kuwakutanisha. Usiulize nani mkosaji, uliza ilikuwaje tangu turubai lifunguliwe. Halafu mrudishie kwa maneno yako ulichosikia, mpaka yeye mwenyewe aseme "ndiyo, ndivyo". Hapo hasira hushuka, nimeona mara nyingi. Roger Fisher na William Ury wa Harvard walilieleza vizuri mwaka 1981: msimamo wa mtu ni kitu kimoja, haja yake ni kingine. Msimamo wa shofere ni "silipi". Haja yake ni mshahara usiguswe na jina lisichafuke, na haja ya mtunza ghala ni hiyo hiyo! Ukifika hapo, wataweza kukubaliana kuhesabu pamoja langoni na wote kutia sahihi kabla mfuko wa kwanza haujashuka.

Shofa_wa_Barabara
Mama, naomba usituite kwenye biro ya mkubwa. Mtu akishaketi pale anajua amekuja kuhukumiwa, na atasema tu yale yatakayomwokoa. Viti vitatu chini ya mwembe vinatosha.

YayaRH
Nakubali, ila kuna jambo mnaliruka. MamaKatuba, kama wewe ndiye unayependekeza nani akatwe, hawatakufungulia moyo hata ungekuwa na ufundi gani. Mwombe mkubwa kwanza jambo hili: utakayoambiwa kwenye kupatanisha yasitumike kumwadhibu mtu. Pia si kila kitu kinapatanishwa. Wizi wenye ushahidi, vitisho, mwanamke kusumbuliwa kimapenzi, hayo yapeleke kwenye nidhamu moja kwa moja. Na usome Sheria ya Kazi ya Kongo namba 015/2002: mgogoro wa kazi haupokelewi na korti ya kazi kabla ya kupita kwa mkaguzi wa kazi kwa usuluhishi. Kwa hiyo mkikwama, kuna mlango mwingine kabla ya korti.

Binti_Kenya
Kwa mazoezi, likelemba yenu, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, inatosha kabisa. Watu wakigombania zamu ya kupokea, omba uwasikilize. Sisi kazini tulikuwa tunaigiza: mmoja shofere, mwingine mtunza ghala, wa tatu katikati, na wa nne anaandika kila neno la mpatanishi lililoegemea upande. Inauma kidogo kusomewa, lakini inafundisha kuliko semina.

MamaKatuba
Aksanti sana, ndugu zangu. Hilo la makato naenda kumwambia mkubwa kesho. Na mmoja akikataa kuketi na mwenzake?

Delege_Ruashi
Usimlazimishe, kupatanishwa ni hiari. Mwambie unamngoja hadi Ijumaa, na baada ya hapo suala linaenda kwa idara ya wafanyakazi, wataamua wao. Wengi huja Alhamisi jioni, wenzao wakishaondoka.