Kinanda kidogo cha kupigia peke yako: Kross 2, Juno-DS, MX49 au microKORG?

KinandaNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Napiga na kuimba mwenyewe, bila bendi: hotelini wikendi, harusi zikitokea. Natafuta kinanda cha kubeba mgongoni kwenye bodaboda, nifike ukumbini nifunge mitambo bila msaidizi. Nimebaki na vinne: Korg Kross 2-61, Roland Juno-DS61, Yamaha MX49 na Korg microKORG. Mkono wa kushoto besi, wa kulia piano au brasi, mdomo kwenye maiki. Nyimbo ni rumba, zilipendwa, bongo fleva kidogo, na wazee wakichangamka wanataka taarab. Tafadhali, anayesema "chukua Yamaha" aseme na sababu.

Fundi Mixa
microKORG itoe kwanza. Ni kinanda kizuri, kipo sokoni tangu 2002 na vokoda yake (inayochanganya sauti ya mdomo na ya kinanda) bado inapendwa, lakini sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja ni nne tu. Shika kodi (noti zinazopigwa pamoja) ya noti tatu kulia na besi kushoto, umeshamaliza. Ukipandanisha sauti mbili, zinabaki mbili. Tena vitufe ni 37, vidogovidogo. Hicho ni cha mtu mwenye bendi nyuma yake.

Bi Solfa
Naunga mkono hapo. Mimi napiga MX49 kanisani na kwenye sherehe. Kilo 3.8, sauti zake zimetoka kwenye ukoo wa Motif, vinanda vikubwa vya Yamaha, na kina tundu la AUX: unachomeka simu, biti inatoka pamoja na kinanda kwenye waya zilezile. Besi ya rumba ikikaa kushoto na piano kulia, sauti zinajaza ukumbi.

KinandaNgamiani
Shukrani Bi Solfa. Vitufe 49 havikubani ukivigawa, besi kushoto na piano kulia?

Bi Solfa
Vinabana, sitakuficha. Ni oktavu nne. Besi ikichukua moja na nusu, mkono wa kulia unabaki na mbili na nusu. Kwa kodi na vijibu vya brasi zinatosha. Ukitaka solo ndefu ya kupanda juu, unabonyeza oktavu huku unaimba, na hapo ndipo watu wanapokosea. Kama bei inaruhusu chukua MX61, inaongeza kilo moja tu.

Fundi Mixa
Sasa wewe dada umetaja uzuri wote wa MX ukaruka mawili: haina sehemu ya maiki, na haitumii betri. Mtu anayefanya kazi peke yake umeme ukikatika katikati ya wimbo ndio aibu yenyewe. Kross 2 inakula betri sita za AA, Juno-DS nane, na zote mbili zina tundu la maiki nyuma. Kross 2-61 ina uzito uleule wa MX49 japo vitufe ni 61. Juno-DS61 ni kilo 5.3, lakini mimi napenda vitufe vyake zaidi. Vya Kross ni vyepesi mno kwa mtu aliyezoea piano.

Kidau wa Malindi
Betri zitasaidia nini spika zikizimika? 😂

Fundi Mixa
Kidau, jenereta ikiwaka spika zinarudi mara moja. Kinanda kisicho na betri kinaanza kujiwasha upya, sauti ulizopanga bila kuzihifadhi hazipo, na MC keshaanza kukuita.

Kidau wa Malindi
Haya bwana, hapo nimekubali. Ila kwenye taarab nyote mmepita pembeni. Bayati na Rast ni skeli za Kiarabu: Bayati ya kuanzia D inataka E iliyoshuka robo toni (nusu ya hatua kati ya kitufe na jirani yake), na Rast ya kuanzia C inataka E na B zote zishuke hivyo. Ukipiga na E ya kawaida, wazee wanasikia, hata wakinyamaza kwa heshima. Raha ya jambo hili iko kwenye vinanda vya midundo kama PSR-SX900: unaseti skeli noti kwa noti, midundo imo ndani, na maiki ina sauti za kuitikia. Tatizo ni kilo 11.5. Bodaboda utalipia abiria wawili.

KinandaNgamiani
Taarab kwangu ni nyimbo mbili tatu kwa usiku, siwezi kubeba kilo 11 kwa ajili hiyo. Naona inabaki Juno na Kross. Fundi, maiki nichomeke kwenye kinanda kweli?

Fundi Mixa
Hotelini wageni wachache, chomeka. Maiki ya dainamiki, mwangwi kidogo, waya mmoja kwenda kwenye spika, kazi imekwisha. Harusini usifanye hivyo. Sauti yako na kinanda vitakuwa kwenye chaneli moja. Fundi wa ukumbini akitaka kupunguza piano anakupunguza na wewe, na maiki ikianza kupiga filimbi hana pa kuikatia. Huko maiki iende kwenye mixa moja kwa moja.

Na kumbi zetu nyingi spika ni mono, yaani zote zinatoa sauti moja bila kutenga kushoto na kulia. Toa waya kwenye tundu la L/MONO peke yake, R iache tupu, kinanda kitaunganisha chenyewe. Ukichomeka zote mbili halafu fundi akatumia ya kushoto tu, nusu ya piano hutaisikia. Waya ukiwa mrefu weka DI boksi, kiboksi cha kupeleka sauti ya kinanda kwenye mixa bila kelele; mngurumo ukitokea, bonyeza swichi ya kukata ethi kwenye hiyo boksi. Usikate waya wa ethi kwenye plagi, utakuja kupigwa na shoti kwenye maiki.

Bi Solfa
Na panga sauti kwa mfuatano wa nyimbo kabla ya kutoka nyumbani. Juno na Kross zote zina Favorite: wimbo mmoja, kibonye kimoja. Jukwaani hakuna muda wa kutafuta brasi kwenye menyu.

KinandaNgamiani
Nimeelewa. Kesho naenda dukani na hedifoni zangu, nijaribu Juno na Kross kwa besi ileile na kodi zilezile. Kidau, zile nyimbo za Bayati wazee watanivumilia.

Kidau wa Malindi
Imba wewe zile robo toni, mkono wa kulia uiache ile E kabisa. Wengi ndivyo wanavyofanya.