Mnaofunga moduli za nyambizi za rimoti hapa Kampala, acheni kutuibia!

Wakuu wa Kampala, Entebbe na Jinja, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Fundi mmoja wa mjini, jina lake silitaji hapa, alichukua pesa yote taslimu kunifungia moduli ya udhibiti kwenye nyambizi yangu ya mfano. Bomba la akriliki (plastiki ngumu inayoonyesha ndani) la kipenyo cha sentimita 10, ndani risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), sevo (mota ndogo ya kugeuza usukani), kidhibiti mwendo cha mota na betri. Akaniapia kwamba haliingizi hata tone. Sasa risiva imekufa, kidhibiti mwendo kimekufa, na nikimpigia simu ananiambia eti siku hiyo Ziwa Victoria lilikuwa na mawimbi.

Mawimbi yanahusu nini na chombo kilichotengenezwa kikae chini ya maji?

Nimelifungua bomba lenyewe na kulikagua kila pembe. Kifuniko cha nyuma hakina oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji. Mfereji wa oringi upo, umechongwa safi kabisa, lakini kaujaza silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka silikoni inapokauka. Ukiifungia ndani ya chombo kisicho na pa kupumulia, inakula shaba ya waya na miguu ya vipuri vya elektroniki. Kwa hiyo hata kama maji yasingeingia, vitu vyangu vingeoza polepole. Na oringi ni kitu kinachouzwa mpaka kwa wauza spea za boda! Unachagua saizi, unaipaka grisi ya silikoni kidogo, basi. Kwenye kina cha mita 2, maji yanakisukuma kifuniko cha upana ule kwa uzito wa karibu kilo 16. Oringi iliyokaa sawasawa inabanwa na nguvu hiyo na kuziba zaidi. Silikoni iliyopakwa kwa kidole inabanduka.

Lakini lililonichemsha kuliko yote ni waya. Alitoboa tundu moja, akapitisha waya zote za mota kwa pamoja, akapaka gundi kwa nje, kazi imekwisha. Jamani, waya hizi ni za nyuzi nyingi nyembamba, na kati ya nyuzi na plastiki kuna nafasi. Upande wa mota ukilowa, maji yanapanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi wa tadoba. Paka gundi ya nje kilo nzima, huzuii kitu, maana maji yanapita ndani ya waya wenyewe. Nilipouchuna waya mweusi, shaba ilikuwa imegeuka kijani kutoka kwenye mota mpaka ndani ya bomba, hadi kwenye plagi ya kidhibiti mwendo, na tone lilikuwa bado limeng'ang'ania pini.

Dawa yake si siri. Waya unakatwa pale kwenye kifuniko. Unaweka pini ya shaba isiyo na uwazi katikati, unalehemu waya wa ndani upande huu na wa nje upande ule, kisha unamwaga epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka na kuwa ngumu) kuizunguka pini. Kama pini hakuna, chuna plastiki sentimita moja, jaza risasi ya kulehemu mpaka nyuzi zote zishikane kuwa kitu kimoja, halafu sehemu hiyo iliyo tupu ndiyo izikwe kwenye epoksi. Fundi anayejiita wa nyambizi halafu hajui hili hastahili kupokea pesa ya mtu.

Hakuishia hapo. Redio yangu ilikuwa ya megahezi 40. Bila kuniuliza aliing'oa risiva, akaweka ya gigahezi 2.4, anasema hiyo ndiyo ya kisasa. Kwa mashua na ndege za mfano, sawa. Chini ya maji masafa hayo yanamezwa ndani ya sentimita chache, ndiyo maana watu wa nyambizi duniani kote bado wanang'ang'ania megahezi 27, 40 na 75. Masafa hayo ya chini hushuka mita kadhaa kwenye maji yasiyo na chumvi, na ziwa letu halina chumvi. Wa Mombasa ndio wenye shida, kwa sababu chumvi inayaua hata hayo. Sisi tumejaliwa ziwa zuri kwa mchezo huu halafu fundi anatufungia risiva ya ndege! Risiva yangu ya zamani bado anayo, na naitaka.

Kuna wanaosema napigia kelele kitu cha kuchezea. Sikilizeni. Bomba likiingiza mililita 100, nyambizi imeongezeka gramu 100, na nyingi hazina akiba ya kuelea inayofika hapo. Inazama. Kule Ggaba na Port Bell maji ni ya kijani, huoni hata miguu yako, kwa hiyo mtu anavua viatu na kuingia kuipapasa. Wote tunajua kichocho kiko kwenye kingo za ziwa hili, konokono wake wanakaa humo humo majini na majanini. Kijana ataugua kwa sababu fundi alibania oringi.

Ninachodai ni kipimo mbele ya mteja kabla hajatoa pesa. Weka vali ya tairi kwenye kifuniko, jaza upepo kidogo sana kwa pampu ya baiskeli, zamisha bomba kwenye beseni, na wote tuangalie kama kuna povu linatoka. Pia wekeni skrubu ndogo ya kutolea hewa. Bomba lililofungwa juani likiwa na joto la nyuzi 40, likiingia kwenye maji ya 25, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kama vile limeshashuka nusu mita, kabla hata hujagusa rimoti. Skrubu hiyo unaifunga bomba likishapoa. Kwenye langu haikuwepo.

Fundi wangu, najua unasoma humu. Nirudishie risiva ya megahezi 40 na pesa ya kazi. Usipofanya hivyo, picha za kifuniko na waya zitapanda hapa pamoja na risiti yako. Na wengine mliofungiwa moduli mjini, fungueni vifuniko leo, chuneni waya mmoja tu wa mota, mtuambie shaba ina rangi gani.