Mtengenezaji aibebe simu yake mpaka lini?

Wadau, hoja yangu ni hii: sheria imlazimishe mtengenezaji wa simu kuuza spea na kutoa masasisho ya programu kwa miaka kadhaa baada ya kuacha kuuza toleo husika. Najua wafanyabiashara wengi watapinga. Tujadili.

Mimi ni fundi simu, Kariakoo. Wiki iliyopita mama lishe mmoja kaniletea simu ya miaka miwili na nusu, betri imevimba hadi mfuniko wa nyuma umeachia upande mmoja. Imegandishwa kwa gundi, na waya wa kioo unapita juu yake. Niliipasha moto, nikapenyeza kadi ya plastiki taratibu nisije nikaitoboa. Betri orijino hakuna, kiwanda kimeshaachana na toleo hilo. Nikamfungia kopi, nikamwambia wazi kwamba siwezi kumpa garantii. Na simu yenyewe ni nzima! Kamera, laini, spika, vyote vinafanya kazi.

Wahasibu wa viwanda wanaijua hesabu ya uhai mzima wa bidhaa: utafiti, kuingia sokoni, kilele cha mauzo, kushuka, kisha garantii na spea za mwishoni. Jumlisha yote ndipo uone faida halisi. Kwenye simu naona daftari linafungwa mapema, siku toleo jipya linapoingia, na gharama za uzee wa bidhaa anaachiwa mnunuzi.

Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake inapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Januari 2019 Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, aliwaandikia wawekezaji kwamba mapato yatakuwa chini ya matarajio. Uzito mkubwa aliuweka kwenye uchumi wa China, lakini betri hizo za bei nafuu nazo alizitaja. Yaani watu waliweka betri mpya, wakaona simu bado inafaa, basi.

Rafiki yangu anayeuza jumla ananipinga: spea zikilala ghalani miaka saba, na mtaji umelala, bei itapanda na mwenye kipato kidogo atakosa simu. Hoja nzito, siipuuzi. Ila huyo mwenye kipato kidogo ndiye leo ananunua simu ya pili na ya tatu ndani ya miaka mitano. Tena kiwanda kikijua mzigo ni wake, kitatengeneza betri inayofunguka kwa bisibisi, na kioo kimoja kitaingia kwenye matoleo matatu. Ghala lenyewe litapungua.

Umoja wa Ulaya umeshaanza. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko lao lazima ziwe na spea kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na masasisho kwa miaka 5. Lakini simu nyingi za bei ya chini zinazopita mezani kwangu haziuzwi huko, kwa hiyo sheria yao haitamfikia yule mama. Inatakiwa ya kwetu, na bora iwe ya Afrika Mashariki nzima, maana soko la nchi moja kiwanda kinaweza kulikimbia.

Kwa simu ya laki mbili napendekeza miaka minne ya betri, kioo na sistimu ya chaji. Anayeona ni mingi alete hesabu zake.