Mrejesho: taa za bateri na breki kwenye Corolla ya 1996

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini taa ya bateri na ya breki zinawaka pamoja, hafifu, ilhali mafuta ya breki yamejaa na breki ya mkono imeshushwa. Wewe uliyesema nipime volti za bateri kabla ya kununua bateri mpya, Mungu akubariki. Injini ikinguruma nilisoma volti 12.1 tu, yaani altaneta, kile kifaa kinachochaji bateri injini ikizunguka, haichaji. Fundi wetu hapa Goma aliifungua: makala yake (vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani yake) yamelika, moja limebaki kama punje ya mchele, na vumbi jeusi la volkano limejaa ndani. Amebadilisha makala, akasugua pia waya wa masi (unaounganisha bateri na bodi ya gari), maana ulikuwa na kutu. Sasa ni volti 14.2, hata nikiwasha taa kubwa. Jana jioni nimeenda mtaa wa Ndosho na kurudi, taa zile mbili hazikuwaka tena kabisa.