Ombi la ushauri: Je, antena inayobeba taa za kiashiria inaweza kupewa hataza?

Msanifu wa Vihisi (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Naomba ushauri wenu kuhusu kifaa kidogo cha kupima joto na unyevu nilichokisanifu, ambacho hutuma vipimo vyake kwa redio katika bendi ya gigahezi 2.4. Kwa kuwa kifaa ni kidogo, sikupata nafasi ya kuweka antena upande mmoja na taa za kiashiria upande mwingine, hivyo nikaifanya pete moja ya shaba inayozunguka uso wa kifaa ibebe kazi zote mbili. Pete hiyo ina pengo dogo, na mzingo wake unakaribia nusu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita 6 hivi. Juu yake zimeunganishwa taa nne za LED zinazoitumia shaba hiyohiyo kama njia ya kurudishia umeme, na mwanga wake husambazwa na ukanda wa plastiki angavu ili mtumiaji aone duara lililokamilika.

Ugumu ulikuwa kwamba kila taa zilipowaka, mawasiliano yalidhoofika. LED ni diodi, na uwezo wake wa kuhifadhi chaji hubadilika inapotoka katika hali ya kuzimika kwenda hali ya kuwaka, kwa hiyo antena ilikuwa ikihama kutoka kwenye masafa yake. Nimelitatua kwa kuingiza umeme wa taa katikati ya pete, mkabala na pengo, mahali ambapo volteji ya redio inakaribia sifuri, na kwa kuzipanga taa kwa ulinganifu pande mbili za sehemu hiyo, katika umbali ambao badiliko la masafa linabaki ndani ya bendi. Matokeo yake ni kwamba sihitaji tena koili za kuzuia mawimbi ya redio yasiingie kwenye nyaya za taa.

Naomba kujua kama jambo hili linastahili hataza (haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi), kama mwonekano wa duara la mwanga unaweza kulindwa peke yake, na kama kukionyesha kifaa kwenye maonyesho, kikiwa kimefungwa na bila mtu yeyote kukifungua, kumeharibu haki yangu.

Mzee wa Masafa

Nianze na upande wa ufundi, kwa sababu huko ndiko maombi mengi ya namna hii hukwama. Kutumia fremu ya chuma ya kifaa kama antena si jambo jipya hata kidogo. iPhone 4 ya mwaka 2010 ilizunguka dunia nzima na ukanda wa chuma uliokatwa mapengo kwa kazi hiyohiyo. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha hataza una hata kifungu maalumu, H01Q 1/44, kwa ajili ya vitu vyenye kazi nyingine kuu ambavyo hutumika pia kama antena. Vilevile, kuunganisha waya mahali ambapo volteji ya redio ni ndogo ni maarifa ya zamani miongoni mwa watu wa redio. Kwa hiyo, ukiomba hataza ya "antena yenye taa", au hata ya "umeme wa taa kuingia kwenye nukta ya volteji sifuri", sioni ukifika mbali.

Swali langu kwako ni hili: kwa nini usizime taa kwa milisekunde chache kila redio inapotuma? Jicho halitaona, na mkaguzi wa hataza atakuambia kwamba hiyo ndiyo njia ambayo fundi yeyote angeifikiria kwanza.

Msanifu wa Vihisi

Ahsante, Mzee. Nililifikiria hilo, lakini kifaa hiki husubiri amri kutoka kwenye kituo muda wote taa ikiwa imewaka, na hakiwezi kujua mapema ni lini amri itaingia. Kuzima taa wakati wa kutuma kunasaidia kutuma tu. Upokeaji unabaki na udhaifu uleule.

Mzee wa Masafa

Basi hilo liandike katika maelezo ya ombi lako, tena mapema kabisa. Limefunga mlango ambao mkaguzi angepitia.

Karani wa Madai

Ninafanya kazi ya kuandika madai ya hataza, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile kinacholindwa, na ninakubaliana na Mzee kuhusu hatari, ingawa hitimisho langu ni la matumaini zaidi kidogo. Uvumbuzi hupimwa kwa mambo matatu, yaani upya, hatua ya uvumbuzi na uwezekano wa kutumika viwandani. La tatu halina ubishi hapa. Upya nao hupatikana kwa urahisi, maana unavunjika pale tu ambapo hati moja au kifaa kimoja kilichotangulia kina sifa zote za dai lako. Vita yenyewe iko kwenye hatua ya uvumbuzi, yaani jambo lisiwe la wazi kwa fundi wa fani hiyo.

Nchini Marekani, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya KSR dhidi ya Teleflex mwaka 2007, imekuwa vigumu kupata hataza kwa kuunganisha vitu vinavyojulikana, kwa njia zinazojulikana, ikiwa matokeo yake yanatabirika. Ofisi ya Hataza ya Ulaya inafika karibu na hapo kwa njia nyingine: inauliza kama sifa mbili zinasaidiana kuleta tokeo moja la kiufundi, au zimewekwa tu pamoja huku kila moja ikifanya kazi yake. Taa iliyobandikwa kando ya antena ili kuokoa nafasi iko kundi la pili. Taa ambayo mahali pake kwenye antena pamechaguliwa ili hali yake ya umeme isiyumbishe masafa iko kundi la kwanza, na hapo ndipo ninapoona dai lako.

Kwa maneno mengine, usidai pete, usidai duara la mwanga, wala usidai nukta ya kuingizia umeme ikiwa peke yake. Dai uhusiano kati ya umbali wa taa kutoka kwenye nukta hiyo, ulinganifu wake, na badiliko la masafa lisilozidi upana wa bendi taa zinapowaka na zinapozimika. Kisha weka vipimo ndani ya ombi siku ileile ya kuliwasilisha: kiasi cha nguvu kinachorudi kutoka kwenye antena taa zikiwa zimewaka, zikiwa zimezimika, na zikiwa mahali pabaya kwa makusudi. Jedwali la hali hiyo ya tatu ndilo litakalomshawishi mkaguzi, kwa kuwa linaonyesha kwamba si kila mpangilio unafanya kazi. Na kumbuka kwamba baada ya kuwasilisha huruhusiwi kuongeza jambo jipya katika maelezo yako.

Mchora Bidhaa

Nijibu swali la pili kwa ufupi. Mwonekano hulindwa kwa usajili wa usanifu wa viwandani, ambao ni haki tofauti na hataza. Katika Umoja wa Ulaya ulinzi huo hufika miaka 25 ukihuishwa kila baada ya miaka mitano, na Marekani ni miaka 15 tangu kutolewa. Sifa zinazolazimishwa na kazi ya kiufundi pekee hazilindwi, kwa hiyo kadiri utakavyosema kwenye ombi la hataza kwamba pete lazima iwe na umbo hilo ili antena ifanye kazi, ndivyo utakavyolidhoofisha ombi lako la usanifu. Wanaoandika hati hizo mbili wasomeane kazi.

Kuhusu duara lenyewe la mwanga sikupi matumaini makubwa. Amazon Echo ilikuja na pete ya mwanga juu yake mwaka 2014, na walioiga ni wengi. Ikiwa kuna kitu cha pekee katika uwiano wa pete yako na uso wa kifaa, chora hicho, taa zikiwa zimewaka na zikiwa zimezimika.

Karani wa Madai

Naongezea juu ya maonyesho. Umma uliona duara la mwanga, basi kwa mwonekano saa imeshaanza kuhesabu. Umoja wa Ulaya na Marekani hukupa miezi 12 ya kusajili usanifu tangu siku ulipouonyesha wewe mwenyewe.

Kwa hataza, kinachohesabika ni kile ambacho mtu angeweza kukijua. Kifaa kilichofungwa, ambacho hakuna aliyekabidhiwa, hakifichui mpangilio wa ndani. Lakini siku utakapouza hata kimoja bila sharti la kutunza siri, mnunuzi anaweza kukifungua na kukipima, na kwa mujibu wa uamuzi G 1/92 wa Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, muundo unaoweza kuchunguzwa hivyo ni sehemu ya maarifa yaliyokwisha kujulikana, hata kama hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuchunguza. Marekani ina mwaka mmoja wa msamaha kwa mvumbuzi aliyefichua uvumbuzi wake mwenyewe. Ulaya haina, isipokuwa kwa hali finyu mno. Ningekushauri uwasilishe ombi la kwanza kabla ya mauzo yoyote. Mkataba wa Paris utakupa miezi 12 ya kuwasilisha kwingineko ukiwa na tarehe ileile ya kipaumbele, yaani ya ombi la kwanza, na ukipitia njia ya PCT (mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza), nchi nyingi zitakusubiri hadi mwezi wa 30 tangu tarehe hiyo.

Msanifu wa Vihisi

Nawashukuru nyote. Hakuna kilichouzwa wala kuachwa mikononi mwa mtu. Nimejaribu kuandika dai la kwanza: "Kifaa cha redio chenye pete ya shaba iliyo na pengo na inayotumika kama antena, ambamo taa nne za LED zimeunganishwa kwa ulinganifu pande mbili za nukta iliyo mkabala na pengo, katika umbali ambao badiliko la masafa ya antena, taa zinapowaka au kuzimika, halizidi upana wa bendi ya kazi."

Karani wa Madai

Mwelekeo ni mzuri, ila umejifunga bila sababu. Badala ya pete ya shaba andika "kipitishi kilichopinda chenye ncha mbili zinazotenganishwa na pengo", kwa maana mshindani atatengeneza mraba wa alumini kesho. Badala ya taa nne andika "angalau jozi moja". Shaba, pete na nne vihamishie kwenye madai tegemezi, yaani yale yanayolirejelea dai la kwanza na kuliongezea sifa. Umbali nao uandike kama sehemu ya urefu wa wimbi, kiwango cha chini na cha juu kutoka kwenye vipimo vyako, kwa sababu dai linalotaja tokeo tu bila kusema linavyofikiwa litarudishwa kwa kukosa uwazi.

Mzee wa Masafa

Na upime kifaa kikiwa mkononi pia. Kidole kikifunika pengo, nukta ya volteji sifuri inaweza kuhama, na umbali uliouandika huenda usitoshe.