Naomba ushauri: Uzamili wa utafiti wa tiba, vigezo na masomo yake yakoje?

DadaWodini
Habari wakuu. Nina BSc ya uuguzi, GPA 3.2, leseni iko hai, na kwa sasa ni muuguzi wa mradi kwenye jaribio la dawa ya malaria. Nataka kusoma uzamili wa utafiti wa tiba (MSc). Maswali yangu ni haya:

1. GPA hiyo inatosha?
2. Kunafundishwa nini hasa, na hesabu ni nyingi kiasi gani?
3. Niende Moshi pale chuo cha KCMC, au nisome kwa masafa London au Edinburgh huku nikiendelea na kazi?
4. Tasnifu ni lazima iwe jaribio la dawa?

Wenye uelewa nisaidieni tafadhali.

JichoLaNje
3.2 sahau. Uzamili wanataka 3.5. Anza na stashahada ya uzamili kwanza.

Mdahili
Usimkatishe tamaa mwenzio. Kwa mizani yetu ya 5, daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, na vyuo vingi vya Tanzania vinapokea waombaji wa uzamili kuanzia hapo 2.7. Hiyo 3.5 ndipo linapoanza daraja la pili la juu. Zipo kozi na ufadhili unaoitaka, lakini si kigezo cha kila chuo. Wenye MD (udaktari) shahada yao haina daraja, wao huangaliwa alama, kwa kawaida wastani wa B. Anayeambiwa apitie stashahada ya uzamili ni yule wa 2.0 mpaka 2.6.

Maombi ya uzamili unapeleka chuoni moja kwa moja, usisubiri dirisha la wale wa shahada ya kwanza. Andaa cheti cha shahada na transkripti kamili, vyeti vya kidato cha nne na sita (au diploma kama ulipitia huko), cheti cha kuzaliwa, leseni, CV, barua mbili za wadhamini, na barua ya ruhusa ya mwajiri.

Kinachokwamisha watu wengi ni majina, wala si GPA. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha shahada kina matatu, leseni ina jina la ndoa. Kama yako yako hivyo, shughulikia hati ya kisheria ya majina sasa hivi, kabla ya kujaza fomu.

Barua za wadhamini: moja ya mwalimu wako wa chuo, nyingine ya mtafiti mkuu wa huo mradi. Hii ya pili ina uzito sana, ila isiishie kwenye "ni mchapakazi na mwaminifu". Mwambie aandike unachofanya: unachukua ridhaa, unajaza CRF (fomu ya data ya kila mshiriki), unaripoti madhara makubwa ndani ya saa 24, umepita ukaguzi wa wasimamizi wa nje mara kadhaa. Hapo ndipo mwenye 3.2 anapompita mwenye 3.8 ambaye hajawahi kushika itifaki (andiko la mpango wa utafiti).

NduguWaEldoret
Kwa faida ya walio Kenya: huku mara nyingi wanataka second class upper, au lower pamoja na miaka 2 ya kazi inayohusiana na kozi. Kwa hiyo barua ya ajira iliyo na tarehe ya kuanza na cheo ni muhimu kama transkripti. Na ukifika kwenye utafiti wenyewe, kibali cha kamati ya maadili pekee hakitoshi, unahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi.

HesabuHaziumi
Najibu swali la pili, maana hapo ndipo watu wanaingia bila kujua.

Kozi za aina hii zina mafungu matatu hata kama majina ya moduli yanatofautiana. La kwanza ni usanifu wa utafiti: aina za tafiti, awamu za majaribio 1 mpaka 4, kugawa washiriki kwa bahati nasibu, kuficha nani kapata dawa ipi. La pili ni uendeshaji: maadili, GCP (kanuni za utendaji bora wa utafiti wa tiba), sheria za dawa, bajeti, kusimamia data, ukaguzi. La tatu ni takwimu za kitabibu na epidemiolojia. Juu yake kuna tasnifu.

Wewe fungu la pili tayari unalo mikononi, kilichobaki ni nadharia yake na mabadiliko mapya. Mwongozo wa GCP, ICH E6(R3), ulipitishwa Januari 2025, na Azimio la Helsinki, la maadili ya utafiti kwa binadamu, lilifanyiwa marekebisho Oktoba 2024. Ukiulizwa kwenye usaili ukajibu kwa toleo la nyuma, R2 la 2016, watajua cheti chako ni cha zamani. Kozi ya GCP unaipata bure mtandaoni The Global Health Network.

Kazi iko fungu la tatu. Hakuna hesabu za kutisha, ila kuna hesabu za kuelewa. Mfano wa karibu: dawa ya zamani inashindwa kwa asilimia 20 ya wagonjwa, unatarajia mpya ishindwe kwa asilimia 10. Unataka nguvu ya utafiti (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo kweli) ya asilimia 80 na kosa (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo) la asilimia 5. Jumlisha 1.96 (namba ya kosa hilo) na 0.84 (namba ya nguvu hiyo), kipeo cha pili chake ni 7.84. Zidisha kwa 0.2 × 0.8 + 0.1 × 0.9, ambayo ni 0.25. Gawanya kwa tofauti yao kipeo cha pili, yaani 0.01. Unapata washiriki 196 kwa kila kundi.

Sasa unategemea asilimia 10 wapotee njiani. Wengi wanazidisha 196 kwa 1.1 wanapata 216. Ni kosa. Asilimia 10 ya 216 wakiondoka unabaki na 194, umepungukiwa. Unagawanya 196 kwa 0.9, unapata 218. Tofauti ni watu wawili tu, lakini mtahini akiiona anajua hujaelewa ulichofanya.

Halafu jaribu kubadilisha kidogo: dawa mpya ishindwe kwa asilimia 15 badala ya 10. Rudia hesabu ileile, unapata 902 kwa kila kundi. Umepunguza tofauti kwa nusu, washiriki wamekuwa zaidi ya mara nne. Ukiweza kumweleza mtu kwa nini imekuwa hivyo, takwimu za muhula wa kwanza hazitakusumbua.

Yanayofuata ni vipindi vya uhakika, regresheni ya lojistiki, uchambuzi wa muda hadi tukio, na kanuni ya kumchambua kila mshiriki kwenye kundi alilopangiwa hata kama aliacha dawa siku ya pili. Hiyo ya mwisho wauguzi na madaktari wanaibishia sana darasani ("sasa hakumeza dawa, tunamhesabu vipi?"). Jibu ni kwamba ukiwaondoa walioacha, makundi hayalingani tena kama yalivyolingana siku ya kugawa, na mara nyingi walioacha ndio waliopata madhara.

Mgosi_Tabibu
Na sisi wenye diploma ya utabibu ya miaka 3 tuna uzoefu wa miradi mingi tu. Tunaingiaje?

Mdahili
Moja kwa moja huingii, mkuu. Diploma kwenye mfumo wa TCU (tume ya vyuo vikuu) ni ngazi ya 6, uzamili ni ya 9, na katikati lazima kuwe na shahada ya kwanza. Uzoefu hauzibi pengo hilo kwa vyuo vya hapa. Malizia shahada kwanza, kisha uzoefu wako utahesabika vizuri.

MsomiWaUsiku
Swali la tatu. Mfumo wa Uingereza unaenda kwa krediti: 60 ni cheti cha uzamili, 120 ni stashahada, 180 ni MSc. Krediti 1 inakadiriwa kuwa saa 10 za kusoma, kwa hiyo moduli ya krediti 15 ni saa 150. Kama una saa 10 kwa wiki, moduli moja ni wiki 15. Piga hesabu hiyo ukiwa na ratiba ya zamu zako mkononi kabla hujalipa chochote.

LSHTM, chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, wana MSc ya majaribio ya tiba kwa masafa. Msingi wake ni moduli za misingi ya majaribio, takwimu za msingi, uendeshaji wa majaribio kwa vitendo, na kuripoti pamoja na kuhakiki majaribio. Baada ya hapo unachagua nyingine, mfano usimamizi wa data au majaribio yanayogawa vijiji badala ya watu mmoja mmoja. Unalipa moduli kwa moduli na muda wa juu ni miaka 5. Edinburgh nao wana ya majaribio ya tiba mtandaoni, mwaka wa kwanza ngazi ya cheti, wa pili stashahada, wa tatu MSc. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba ukikwama katikati huondoki mikono mitupu.

Ada ndiyo kikwazo. Angalia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma kwa masafa. Watanzania, Wakenya na Waganda tunastahili, sharti uwe unaishi nchini mwako na kozi iwe kwenye orodha yao ya mwaka huo. Kama utahitaji IELTS, matokeo yake yanaisha baada ya miaka 2, usikimbilie kufanya mapema mno.

Moshi unapata kitu ambacho masafa hayakupi: msimamizi unayemgongea mlango, hospitali ya rufaa hapohapo, na wenzako wa darasa ambao baadaye ndio utakutana nao kwenye miradi. Vyuo vyetu mara nyingi mwaka wa kwanza ni darasani na wa pili ni tasnifu, kwa hiyo ni lazima mwajiri akuachie.

Maoni yangu: kama mradi wako una mkataba wa zaidi ya miaka 2, soma kwa masafa ubaki kazini. Kama mkataba unaisha mwakani, nenda Moshi. Kumbuka cheti cha nje utakipeleka TCU kitambuliwe ukitaka kukitumia kwa ajira nchini, kwa hiyo tunza barua ya udahili, transkripti na kila risiti.

KalamuNyeusi
Swali la nne ni rahisi: hapana, si lazima, na nakushauri usijaribu. Rudi kwenye hesabu ya HesabuHaziumi. 218 mara mbili ni washiriki 436. Nani atakulipia dawa, bima ya washiriki, maabara na ufuatiliaji kwa bajeti ya mwanafunzi? Juu ya kamati ya maadili ya chuo, jaribio la dawa linahitaji kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na cha TMDA (mamlaka ya dawa), na lisajiliwe kwenye daftari la umma la majaribio, kama PACTR la Afrika, kabla mshiriki wa kwanza hajaingia. Ukisajili baadaye, majarida makubwa yanakataa andiko lako hata kama kazi ni safi.

Tasnifu zinazokamilika kwa wakati ni za aina mbili: kuchambua data iliyokwisha kukusanywa, au utafiti mdogo uliopachikwa ndani ya mradi mkubwa. Wewe uko ndani ya jaribio la malaria. Uliza kama unaweza kuchunguza, tuseme, sababu za washiriki kukosa mahudhurio ya siku ya 28, au uelewa wao wa fomu ya ridhaa. Lakini upate ruhusa ya mtafiti mkuu kwa maandishi, na itaje mambo matatu: vipengele gani vya data utapewa, nani atakuwa mwandishi wa kwanza, na kama mfadhili ni lazima asome kabla hujachapisha. Maneno ya mdomo kwenye korido yamewakwamisha wanafunzi wengi mwezi wa mwisho. Kama ridhaa ya mwanzo haikuruhusu data kutumika kwa tafiti nyingine, kamati itakuuliza, na inaweza kukurudisha.

Kwenye ratiba tenga miezi 3 ya vibali. Andiko linarudishwa kwa vitu vidogo: fomu ya ridhaa ya Kiswahili haifanani na ya Kiingereza (ya Kiingereza inataja mililita 5 za damu, ya Kiswahili inasema "damu kidogo"), hakuna nafasi ya shahidi kwa asiyejua kusoma, toleo na tarehe kwenye kijachini cha fomu havilingani na vilivyo kwenye barua ya maombi. Kibali kikitoka bado hujaanza kazi. Unapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, hadi mganga mfawidhi wa kituo. Beba nakala za kutosha, kila ofisi inabaki na yake.

DadaWodini
Asanteni sana, nimepata mwanga. La mwisho: kompyuta na programu. Nijifunze Stata au R? Na REDCap inahesabika?

HesabuHaziumi
Uliza chuo kinafundishia ipi, uanze na hiyohiyo. Stata inajifunzika haraka lakini ni ya kulipia. R ni bure ila wiki za mwanzo inachosha. Kompyuta ya RAM GB 8 inatosha kwa zote mbili. SPSS usiipe muda wako.

REDCap ni ya kukusanyia na kutunza data, haifanyi uchambuzi wa maana, lakini kujua kuijenga ni sifa kubwa kwenye CV. Omba meneja wa data wa mradi wenu akufungulie mradi wa mazoezi, ujenge CRF ya kurasa 2 yenye ukomo wa thamani: umri usizidi 120, joto lisipokee 385 mtu akisahau nukta. Halafu ingiza rekodi 20 za kubuni, zitoe, na ujaribu kuzisafisha kwenye Stata au R.

KalamuNyeusi
Naongezea: pakua SPIRIT 2025, orodha ya ukaguzi ya mambo ambayo itifaki inapaswa kuwa nayo, ina vipengele 34, kisha chukua itifaki ya mradi wenu uliopo uone kila kipengele kiko ukurasa gani. Kuna vichache hutavikuta. Andika ni vipi, na uende navyo kwenye usaili.