Tupeane uzoefu: kozi ya kwanza ya uprogramu chuoni ilikukwamisha wapi, na ulikwamukaje?

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, ninawasalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni na tumefika katikati ya kozi ya utangulizi wa uprogramu, ambayo kwetu inafundishwa kwa lugha ya Python. Mihadhara ninaifuata bila shida, na mhadhiri anapoandika programu ubaoni ninaelewa kazi ya kila mstari. Lakini nikiketi maabara mbele ya zoezi lililoelezwa kwa maneno matupu, bila msimbo wa kuanzia, sijui niandike nini kwanza. Wenzangu kadhaa wako katika hali hiyo hiyo, na mmoja wao ameanza kufikiria kubadili kozi.

Ninaomba mliokwisha kupita hapa mtueleze ni mahali gani hasa mlipokwama na ni kitu gani kilichowakwamua. Tuwe mahususi, tafadhali, kwa sababu "jitahidi" na "fanya mazoezi mengi" tumeambiwa tangu wiki ya kwanza, na hakuna anayetueleza mazoezi hayo yafanywe namna gani.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nilikwamishwa na alama ya sawa. Nilikuwa nimesoma hisabati kwa miaka mingi, na katika hisabati usemi kama x = x + 1 ni uongo mtupu, kwa kuwa hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa moja. Katika Python, C, Java na lugha nyingine nyingi alama hiyo ni amri: kompyuta hukokotoa kwanza kilicho upande wa kulia, kisha huweka jibu katika kigeu (jina linalohifadhi thamani) kilicho upande wa kushoto, na thamani iliyokuwamo hupotea. Tuliambiwa hayo mapema na kila mtu akayanakili daftarini, ila maana yake ilikuja kuonekana tulipopewa zoezi la kubadilishana thamani za vigeu viwili.

Tuseme a ni 3 na b ni 8. Karibu darasa zima liliandika a = b, kisha b = a, likitarajia thamani zipishane. Fuateni polepole: baada ya mstari wa kwanza a ni 8, na ile 3 haipo tena mahali popote, mstari wa pili unaichukua 8 hiyo hiyo na kuiweka katika b, ambayo tayari ilikuwa 8. Kinahitajika kigeu cha tatu cha kuihifadhi 3 kabla haijafutwa. (Python huruhusu kuandika a, b = b, a kwa mstari mmoja, na mhadhiri wetu alitukataza njia hiyo muhula mzima. Wakati ule tulimwona mkali bila sababu. Leo ninamuunga mkono.)

Kilichonitoa ni jedwali la karatasi. Safu ya kwanza ilikuwa ya namba ya mstari wa programu, na kila kigeu kilikuwa na safu yake. Nilikuwa ninasoma mstari mmoja, ninaikata thamani ya zamani kwa kalamu, ninaandika mpya, na siendi mstari unaofuata kabla ya kumaliza huo. Ni kazi ya kuchosha, na kitanzi (sehemu ya programu inayorudiwa) chenye mizunguko mia moja hakiwezi kufuatwa chote kwa namna hiyo. Lakini mizunguko miwili au mitatu ya mwanzo, pamoja na ule wa mwisho, hutosha kuonyesha tofauti kati ya kile programu inachofanya na kile unachodhani inafanya.

Mchangiaji wa pili

Sisi tulianzishwa kwa lugha ya C, ambayo Dennis Ritchie aliiunda katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Pascal ya Niklaus Wirth, iliyotoka mwaka 1970, ilibuniwa kwa kufundishia. C ilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa wakiandika mfumo wa uendeshaji wa Unix, na humchukulia kila mwandishi kuwa anajua anachokifanya. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza hajui, na hapo ndipo taabu inapoanzia.

Kwetu ugumu wa awali ulikuwa kusoma malalamiko ya kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine. Unasahau nukta mkato moja tu, na skrini inajaa ujumbe wa makosa, tena ule wa kwanza mara nyingi unataja mstari unaofuata ule wenye kasoro, kwa sababu kompaila hugundua tatizo pale inapokutana na kitu ambacho hakikustahili kufuata. Wengi wetu tulikuwa tukianza na ujumbe wa mwisho, kwa kuwa ndio uliokuwa umebaki mbele ya macho. Mwenzetu mmoja akatuonyesha utaratibu mwingine: panda mpaka ujumbe wa kwanza, rekebisha huo peke yake, endesha kompaila upya, kisha utazame yaliyobaki. Mara nyingi hakuna yaliyobaki.

Yale ambayo kompaila haiyalalamikii ndiyo yanayokula usiku. Katika C, 5 / 2 ni 2, kwa sababu namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima hutoa namba nzima, na sehemu ya desimali hutupwa. Wastani wa alama za mwanafunzi unatoka pungufu na hakuna onyo lolote. Python 3 hutoa 2.5 kwa hesabu hiyo hiyo, na anayetaka 2 huandika 5 // 2, kwa hiyo mnaohama kutoka lugha moja kwenda nyingine muwe macho. Vilevile if (x = 0) inakubaliwa na C ingawa mwandishi alikusudia ==, alama ya kuuliza kama thamani mbili ni sawa; kigeu kinapewa sifuri, sharti linahesabiwa kuwa si kweli, na sehemu ya ndani haitekelezwi kamwe. Wanaotumia gcc, mojawapo ya kompaila za C, waongeze chaguo la -Wall kila wanapoiendesha, nayo itawaonya. Inashangaza kwamba kozi nyingi hazilitaji jambo hilo dogo mpaka mwisho.

Mchangiaji wa tatu

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini sidhani kama wamemjibu mleta mada. Yeye amesema kwamba anaelewa programu iliyokwisha kuandikwa; kinachomshinda ni kuianzisha. Hayo ni maradhi mengine na dawa yake ni nyingine.

Nilikuwa na tatizo hilo hilo, na lilianza kupungua siku tulipopewa zoezi la kutafuta namba kubwa kuliko zote katika orodha. Kila mmoja wetu akiitazama orodha ya namba sita huiona kubwa papo hapo, na kwa sababu ameiona bila jitihada, hana hatua za kuandika. Mkufunzi wetu alichukua vipande vya karatasi, akaandika namba moja kwenye kila kipande, akavilaza kifudifudi mezani, na kuniruhusu nifunue kimoja kimoja na kukifunika kabla ya kufunua kinachofuata. Hapo nililazimika kukumbuka kitu. Nilipoulizwa ninakumbuka nini, nikajibu: kubwa niliyoiona mpaka sasa. Akasema basi hicho ni kigeu chako, na kule kufunua ni kitanzi chako, na lile unalojiuliza kila unapofunua ni if yako. Programu ilikuwa imekwisha kupatikana kabla hatujagusa kibodi.

Sehemu iliyonifaa zaidi ilifuata baada ya hapo. Wengi tuliandika kubwa = 0 kabla ya kitanzi, na programu ikafaulu kwa orodha zote tulizoijaribu. Mkufunzi akatupa orodha ya -7, -3 na -12, na jibu likatoka 0, namba ambayo haimo kabisa katika orodha. Thamani ya kuanzia inapaswa kuwa kipengele cha kwanza cha orodha yenyewe. Tulipodhani tumemaliza, akauliza: je, orodha ikiwa tupu? Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika chochote, huwa ninatayarisha data ya kujaribia: orodha ya kawaida, orodha yenye kipengele kimoja, orodha tupu, na orodha moja ya ukorofi. Mleta mada, ukikosa la kuandika kwanza, andika hizo, kisha uzitatue kwa mkono ukiwa umefunika namba. Mkono wako utafanya hatua fulani. Hizo ndizo utakazozigeuza kuwa msimbo.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mkufunzi msaidizi wa maabara katika kozi ya aina hii, hivyo ninaiona hali kutoka upande wa pili wa meza. Mwanafunzi ninayemhofia si yule anayekaa kimya mbele ya skrini tupu. Ninamhofia zaidi anayebadilisha < kuwa <=, anaendesha, anaongeza 1, anaendesha tena, mpaka jibu lifanane na la mfano. Zoezi linapata alama, naye anaondoka bila kujua kwa nini limekubali.

Kitanzi ndicho kiini cha tabia hiyo, hasa kwa sababu ya kuhesabu kuanzia sifuri. Katika Python range(1, 10), inayotoa namba mfululizo kuanzia 1, huishia 9, na orodha yenye vipengele vitano ina nafasi 0 hadi 4. Wanafunzi huona ni ukaidi wa watu wa kompyuta, lakini utaratibu huo una hoja zake, na mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alizieleza mwaka 1982 katika andiko fupi: ukijumuisha mwanzo na kuuacha mwisho, tofauti ya namba hizo mbili inakuwa sawasawa na idadi ya vipengele. Kwa range(1, 10), 10 kutoa 1 ni 9, na mizunguko ni tisa. Ukilishika hilo, hutahitaji kubahatisha alama.

Maabara yangu yana sharti moja: hakuna kuendesha programu kabla ya kuandika kwenye karatasi unatarajia itoe nini. Mwanzoni wananung'unika. Utabiri ukienda kombo, hata hivyo, wanajua pa kutazama, maana kuna mstari mmoja mahususi ambao waliuelewa vingine.

Kuhusu programu za akili unde zinazoandika msimbo, sitawakataza watu wazima. Ninachokiona ni kwamba anayekabidhiwa jibu kamili anarudi palepale alipo mleta mada: anaelewa anachokisoma na hawezi kuanza. Anayeziomba zimweleze ujumbe wa kosa, au zimtungie data ya kujaribia, hunufaika kuliko huyo.

Mchangiaji wa tano

Nitakuwa mfupi. Kwangu ilikuwa funksheni (kipande cha programu chenye jina, kinachoitwa kifanye kazi fulani) inayojiita yenyewe. Mfano wa darasani ulikuwa faktoria, kwamba ya 5 ni 5 mara faktoria ya 4, na kuendelea hadi 1, jibu likiwa 120. Nilikuwa ninajaribu kuishika minyororo yote kichwani kwa wakati mmoja. Nilichora kisanduku kwa kila mwito, chenye n yake mwenyewe, na kuona kwamba kisanduku cha 5 kinasubiri tu jibu la kile cha 4. Sharti la kusimama likikosekana, Python hukatiza yenyewe baada ya miito takriban 1000, ambayo ndiyo kikomo chake cha kawaida.

Mleta mada

Ninawashukuru nyote. Nilijaribu njia ya mchangiaji wa tatu kwa zoezi la wiki hii, la kutafuta namba ya pili kwa ukubwa. Nilitayarisha orodha zangu kwanza, na ile ya ukorofi ilikuwa 9, 9, 4. Nilipofika hapo nilisimama, kwa sababu sijui kama jibu linapaswa kuwa 9 au 4, na karatasi ya zoezi haisemi lolote.

Mchangiaji wa tatu

Zoezi ndilo lenye upungufu, ndugu yangu. Ni vigeu viwili na kitanzi kimoja kwa majibu yote mawili, lakini sharti la ndani ya kitanzi linatofautiana: katika moja namba inayolingana na kubwa inashuka nafasi ya pili, katika jingine inarukwa. Mwulize mhadhiri leo, kabla hajakusanya kazi, na umpelekee orodha hiyo hiyo ya 9, 9, 4.